Vitundu Katika Mshono wa Chuma Tarasaa

Tangi la maji likirudishwa kwa fundi kwa kuvuja, mahali pa kutazama kwanza ni mshono. Ukigonga mavi ya chuma yakatoka, kisha ukapitisha brashi ya waya, utaviona vitundu: vingine vya mviringo, vidogo kuliko punje ya mtama, vingine virefu, vilivyopinda na kuzama ndani. Mwenye tangi humlaumu fundi. Fundi huilaumu mashine, au husema umeme wa siku ile haukuwa na nguvu. Huongeza ampea, huchomelea juu ya vitundu vilevile, na tangi huvuja tena pembeni kidogo ya pale pa kwanza.

Lawama huiendea mashine kwa sababu ndiyo inayoonekana, na ndiyo iliyogharimu pesa nyingi. Lakini katika mji kama Tarasaa, uliokaa kwenye delta ya Tana jirani na Ngao, mshukiwa wa kwanza anapaswa kuwa maji. Wa pili ni uchafu ulio kwenye chuma chenyewe, na wa tatu ni mkono wa fundi. Mashine huja nyuma ya hao wote. Tena fundi hana haja ya kubahatisha, kwa maana vitundu, kwa jinsi vilivyokaa kwenye mshono, husema vyenyewe vimeletwa na nani.

Kitundu ni gesi iliyokwama. Chuma kinapoyeyuka chini ya muali wa umeme hunywa gesi, hasa hidrojeni na naitrojeni, kwa kiasi kikubwa kuliko kile kinachoweza kushika kikiwa kigumu. Kinapoanza kuganda, gesi hiyo hutafuta njia ya kutoka. Dimbwi la chuma kilichoyeyuka likikaa katika hali ya uowevu kwa muda wa kutosha, mapovu hupanda juu na kupasuka. Likiganda upesi, hubaki ndani. Ipo pia gesi inayozaliwa palepale: oksijeni iliyo ndani ya kutu ikikutana na kaboni ya chuma hutoa kaboni monoksaidi. Basi kila kisa cha vitundu kina maelezo mawili tu, ama gesi imeingia nyingi mno, ama muda wa kutoka umekuwa mfupi mno, na mara nyingine yote mawili kwa pamoja.

Ganda la rodi lilibuniwa kwa ajili ya shida hii. Waya mtupu ulipotumika kuchomelea, hewa iliingia moja kwa moja kwenye dimbwi, na mshono ukatoka wenye matundu na wepesi wa kuvunjika. Oscar Kjellberg, Mswidi aliyejishughulisha na ukarabati wa boila za meli, aliuchovya waya katika uji wa madini ukakauka na kuwa ganda. Mwaka 1904 alianzisha kampuni ya ESAB huko Gothenburg, na kazi ya kuchomelea kwa rodi tunayoifahamu leo ilianzia hapo. Ganda linapoungua hutoa gesi inayoisukuma hewa mbali na dimbwi. Linapoyeyuka huwa mavi ya chuma, yanayofunika mshono na kuuchelewesha kupoa ili mapovu yapate nafasi ya kutoka. Ganda likilowa, kinga hiyo yenyewe inakuwa chanzo cha gesi.

Hapo ndipo delta inapoingia. Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, humwaga maji yake baharini karibu na Kipini, na ardhi inayouzunguka mwisho wake ni mabwawa, mashamba ya mpunga, maziwa na misitu ya mikoko. Mwaka 2012 hekta 163,600 za delta hii ziliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Kwa ndege, samaki na wafugaji hiyo ni neema. Kwa fundi wa kuchomelea ni hewa yenye unyevu mwaka mzima, umande mzito alfajiri, na majira ya mvua ambapo karakana huzungukwa na maji pande zote. Mafuriko ya mwisho wa 2023, na yaliyofuata 2024, yalionyesha tena jinsi maji yanavyofika hadi madukani na maghalani. Rodi iliyokaa ndani ya ghala la namna hiyo haihitaji kuguswa na mafuriko yenyewe ili iharibike. Hewa inatosha.

Ganda la rodi ni unga wa madini ulioshikanishwa kwa gundi ya silika, nalo hufyonza unyevu kimyakimya. Muali unapowaka, maji hayo huvunjika kuwa hidrojeni na oksijeni, na hidrojeni huingia kwenye dimbwi. Hata tone dogo si dogo tena likifika hapo, kwa kuwa maji yakigeuka mvuke hutanuka karibu mara 1,600.

Tuifuate rodi tangu inapofika dukani. Pakiti imefungwa kwa plastiki, nayo inafunguliwa kwa sababu wateja wengi hawana pesa za pakiti nzima. Fundi aliyepata kazi ya dirisha moja ataomba rodi kumi. Zilizobaki husimama kwenye rafu, pengine kando ya mifuko ya saruji, wiki baada ya wiki. Zile kumi hufungwa kwa gazeti na kusafiri kwa bodaboda. Zikifika karakana, zinazobaki jioni huegeshwa pembeni ya ukuta hadi kesho. Katika safari hiyo yote hakuna aliyefanya uzembe wa wazi, na bado rodi inayofika kwenye koleo haiko kama ilivyotoka kiwandani. Ndiyo maana siridhiki nikisikia vitundu vikielezwa kama kasoro ya fundi peke yake. Sehemu kubwa ya kasoro hiyo imenunuliwa pamoja na rodi.

Rodi yenye unyevu ina dalili zake. Chukua mbili tatu uzigonganishe taratibu: kavu hutoa mlio mkali wa chuma, mbichi hutoa mlio uliofifia. Zitazame mwisho wake, pale waya ulipo wazi, kama pana kutu. Angalia ganda: likiwa na unga mweupe kama ukungu, gundi yake imeshaanza kuharibika, na rodi ya namna hiyo hata ukiikausha haifai kwa kazi yoyote ya maana. Ikiwashwa, rodi mbichi hupiga kelele, hurusha cheche nyingi kuliko kawaida na kutoa mvuke mweupe mwanzoni. Wakati mwingine ganda hupasuka au kubanduka vipande vipande huku ukiendelea kuchomelea.

Kukausha ni jambo linalohitaji kutofautisha rodi, na hapa makosa ni mengi. Rodi inayotumika zaidi katika karakana zetu ni E6013. Namba 60 inaeleza nguvu ya mshono, pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, namba 1 inaeleza kwamba inafaa pande zote, hata juu ya kichwa, na 3 inahusu aina ya ganda, ambalo kwa rodi hii limejengwa kwa rutaili. Ganda la rutaili linahitaji unyevu kidogo ili lifanye kazi, kwa hiyo halipikwi sana. Likilowa, joto la nyuzi 100 hadi 150 kwa nusu saa hadi saa moja linatosha. Rodi za selulosi, kama E6011, hazikaushwi kwa tanuri hata kidogo, maana unyevu wake ni sehemu ya kazi yake. E7018 ni habari nyingine kabisa. Ganda lake ni la chokaa, limetengenezwa makusudi ili hidrojeni iwe ndogo, na likishafyonza maji linapoteza sababu ya kununuliwa kwake. Kanuni za Marekani za kuchomelea majengo ya chuma, AWS D1.1, zinataka rodi za aina hii zikaushwe kwa nyuzi 260 hadi 430 kwa saa mbili kabla ya kutumika ikiwa zimekaa wazi kupita kiasi, zihifadhiwe kwenye joto lisilopungua nyuzi 120 baada ya pakiti kufunguliwa, na zisikae nje zaidi ya saa nne. Tena zinakaushwa mara moja tu, hazirudiwi.

Sasa linganisha na kuzianika rodi juu ya bati kwenye jua la saa saba. Jua la Tarasaa ni kali, lakini bati haliwezi kufikia hata nyuzi 100. Kwa E6013 iliyopata unyevu kidogo, jua husaidia. Kwa E7018 halisaidii kitu, na fundi anayetumia E7018 zilizoanikwa juani akidhani amepata mshono wa nguvu zaidi amejidanganya kwa gharama kubwa. Ipo pia mbinu ya kuigusisha rodi kwenye chuma na kuiacha imeshika mpaka ipate moto. Maji hutoka kweli, lakini joto hupanda kutoka ndani, kwenye waya, na ganda hupasuka kutoka huko. Kwa geti la shamba, na kwa shida ya siku moja, sitamkataza mtu. Kwa tangi, bomba au kiungo cha trela, hapana.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Kipande cha bomba la plastiki lenye vifuniko viwili vinavyobana kinatosha kuhifadhi pakiti iliyofunguliwa. Mwenye umeme wa uhakika anaweza kutengeneza kabati dogo, hata kwa friji iliyokufa, akaweka ndani balbu ya zamani ya waya inayotoa joto. Kabati kama hilo halikaushi rodi iliyokwisha kulowa, ila huizuia iliyo kavu isilowe. Mafundi watatu wa mtaa mmoja wakichangia pakiti moja iliyofungwa na kuigawana siku ileile, wamejiondolea nusu ya tatizo bila kununua chombo chochote.

Maji hayakai kwenye rodi tu. Chuma kilicholala nje usiku huamka na umande, na bamba nene hubaki na unyevu baada ya jembamba kukauka. Pale vyuma viwili vinapolaliana, maji huingia katikati na jua halifiki. Katika matengenezo ya mabomba hali ni mbaya zaidi, kwa sababu maji yamebaki ndani, na mvuke unatoka kupitia mshono huku ukiendelea kuchomelewa. Hapo hakuna rodi wala ampea itakayosaidia. Bomba litolewe maji yote, na sehemu ya kuchomelea ipashwe moto hadi ikauke ndani na nje.

Kuna kisa kimoja kinachofanana na hicho ambacho huwasumbua wanaotengeneza mageti. Ukiziba mwisho wa skwea tyubu kwa kipande cha bati, unazunguka vizuri pande tatu, ya nne inakaribia kufunga, na mwisho kabisa mshono unatoboka. Unaujaza, unatoboka tena. Fundi anaweza kupoteza rodi nne hapo akipunguza na kuongeza ampea. Kinachotokea ni kwamba hewa iliyofungiwa ndani imepata moto, imetanuka, na haina pa kutokea ila kwenye chuma ambacho bado ni laini. Toboa tundu dogo la milimita tatu mahali pasipoonekana kabla ya kuziba, na kisa kimekwisha. Likizibwa baadaye, lizibwe chuma kikiwa kimepoa. Hewa hiyohiyo iliyofungiwa, ikichanganyika na mvuke wa petroli au dizeli ndani ya pipa kuukuu, huua. Pipa la mafuta halichomelewi kwa sababu tu linaonekana tupu.

Uchafu ni mshukiwa wa pili, na hapa pwani huanza na kutu. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na chuma kilichonunuliwa kikiwa safi huwa na rangi ya udongo kabla hakijatumika. Kutu ina oksijeni na mara nyingi imeshika maji. Rangi, grisi na mafuta ya injini vyote vina hidrojeni, vikiungua huitoa. Ganda la E6013 huvumilia kutu nyepesi, na uvumilivu huo umewazoesha mafundi vibaya: mshono unapita juu ya rangi mara kumi bila kisa, mara ya kumi na moja unatoka na vitundu, na mashine inalaumiwa. Grenda ipite hadi chuma king'ae, upana wa vidole viwili kila upande wa kiungo, na katikati ya vyuma vinavyolaliana pia. Trekta la shambani au trela la kubebea mazao likiletwa likiwa na tope la mto lililokauka kwenye ufa, kuosha na kukausha ni sehemu ya kuchomelea, na mteja alipie muda huo.

Mabati na mabomba ya zinki ndiyo yanayohitaji maelezo marefu, kwa sababu yako kila mahali panapohitaji kuvumilia maji. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi na kuchemka kwenye nyuzi 907. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi karibu 1,500. Maana yake, kabla chuma hakijawa dimbwi, zinki iliyo juu yake imeshakuwa mvuke, na mvuke huo unapita katikati ya dimbwi. Vitundu vyake huwa virefu, vimepinda, vimeanzia chini kwenye shina la mshono na kutokea juu. Dawa ya kwanza ni kuiondoa zinki kwa grenda pande zote mbili za kiungo, nje na, inapowezekana, ndani. Isipowezekana kuiondoa yote, achia nafasi ndogo kati ya vyuma ili mvuke uwe na pa kutokea nyuma, kisha nenda polepole ili muali uiunguze zinki iliyo mbele kabla dimbwi halijaifikia. Baada ya kazi, sehemu iliyoachwa wazi ipakwe rangi ya zinki, la sivyo kutu itaanzia hapo.

Moshi mweupe wa zinki una athari kwa mwili pia. Saa chache baada ya kazi fundi hushikwa na homa, baridi, kiu na maumivu ya viungo, akadhani ni malaria. Wengi hunywa maziwa kabla au baada ya kazi, na katika delta yenye wafugaji maziwa hayakosekani. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayazuii moshi kuingia kwenye mapafu. Kinachozuia ni kuiondoa zinki kabla, kukaa upande upepo unakotoka, na barakoa ya kuzuia moshi wa chuma.

Vyuma chakavu vina siri nyingine. Shafti zilizotengenezwa kwa ajili ya kukerezwa kwa urahisi huongezwa salfa, na salfa hiyo hutoa vitundu hata kama fundi amesafisha kila kitu na rodi ni kavu. Ukiona chuma kimoja kinakataa huku vingine vyote vikikubali kwa rodi ileile, shuku chuma. E7018 iliyokauka sawasawa hukiweza zaidi kuliko E6013.

Mkono wa fundi sasa. Kosa lake kubwa ni muali mrefu. Urefu unaofaa ni karibu sawa na unene wa waya wa rodi, yaani milimita mbili na nusu kwa geji 12, tatu na kidogo kwa geji 10. Kwa E7018 uwe mfupi zaidi, rodi ikaribie kugusa. Muali ukirefuka, gesi ya ganda hutawanyika na hewa ikaingia na naitrojeni yake. Msimu wa kusi unapovuma juu ya nyika tambarare ya delta, muali mrefu nje ya banda ni vitundu vya hakika, na kipande cha bati kilichosimamishwa upande wa upepo ni chombo cha kazi sawa na nyundo. Kosa la pili ni haraka, maana mshono mwembamba uliokimbizwa huganda kabla gesi haijatoka. Kosa la tatu lipo kwenye kuanza na kuacha. Rodi inapowashwa, ganda halijatoa gesi ya kutosha bado, kwa hiyo washa sentimita moja au mbili mbele ya pale mshono uliposimama, rudi nyuma hadi kwenye shimo la mwisho, kisha usonge mbele upite juu ya pale ulipowasha. Unapomaliza, tulia kidogo shimo lijae, ndipo uinue.

Mashine nimeiweka mwisho, lakini haina kinga ya lawama. Ampea nyingi mno huifanya rodi iwe nyekundu, ganda likaungua kabla ya kufika kwenye muali, na nusu ya mwisho ya rodi ikatoa vitundu wakati nusu ya kwanza ilikuwa safi. Geji 12 hufanya kazi vizuri kati ya ampea 60 na 100, geji 10 kati ya 90 na 140 hivi, kufuatana na unene wa chuma na mkao wake. Ampea chache mno huleta muali unaosinzia na dimbwi linaloganda upesi. Na hapa kweli umeme unaweza kuwa na hatia, ila mara nyingi si umeme wa nguzo, ni waya wa fundi mwenyewe. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ukiwa na urefu wa mita 50, hupoteza karibu volti 22 mashine inapovuta ampea 30. Ukiwa wa milimita mraba 1.5, hupoteza volti 36. Kati ya volti 240 hizo si kidogo. Klempu ya ethi iliyobanwa juu ya rangi hufanya uharibifu uleule. Ukitumia mashine ya mkondo mnyoofu ukaona muali unavutwa pembeni karibu na kona, hamisha klempu hiyo upande wa pili na ufupishe muali.

Namna ya kumjua mhusika ni kubadilisha kitu kimoja kimoja. Chukua kipande cha chuma kipya, kikwaruze hadi king'ae, tumia rodi kutoka pakiti iliyofunguliwa dakika hiyo, mashine ileile, waya uleule, muali mfupi. Ukipata mshono safi, mashine imeachiwa huru. Rudi na rodi za jana kwenye chuma hichohicho safi: vitundu vikitokea, ni rodi. Visipotokea, rudi kwenye chuma cha kazi. Jaribio hili linagharimu rodi tatu. Kuhangaika na kitufe cha ampea kunagharimu zaidi.

Kabla ya hapo, soma mshono. Vitundu vilivyotapakaa urefu wote ni unyevu wa rodi au uchafu wa juu. Vilivyojikusanya mwanzoni tu ni kuwasha vibaya. Kimoja kikubwa mwishoni ni kuinua ghafla, au hewa iliyofungiwa. Mstari wa vitundu katikati, unaofuata mahali vyuma vilipolaliana, ni kutu, rangi au maji yaliyobaki ndani ya kiungo. Virefu vilivyopinda ni zinki, au unyevu mwingi mno. Vikianza rodi inapofika nusu, punguza ampea.

Je, kila kitundu ni ugonjwa? Kiwango cha kimataifa cha ISO 5817 kimegawa mishono katika madaraja matatu. Daraja la chini, D, huruhusu kitundu cha juu kisichozidi milimita 3, daraja C milimita 2, na daraja B halikubali kitundu cha juu hata kimoja. Kwa nguvu peke yake, vitundu vichache vya mviringo havina madhara kama ufa au mshono ambao haukushikana na chuma. Grili ya dirisha yenye vitundu viwili haitaanguka. Lakini pwani kila kitundu hushika maji ya chumvi chini ya rangi, na baada ya msimu mmoja mchirizi wa kahawia huteremka ukutani. Kwa tangi na bomba, kitundu kimoja kinachopita ni kushindwa kwa kazi nzima. Kwa kiungo cha trela kinachotikiswa na barabara kila siku, mstari wa vitundu ni mahali ambapo ufa utachagua kuanzia.

Kinachonitia hofu zaidi ni kile ambacho vitundu havionyeshi. Unyevu uleule uliotoboa mshono umeacha pia hidrojeni isiyoonekana ndani ya chuma. Kwenye bati jembamba hutoka yenyewe bila kudhuru. Kwenye chuma kinene chenye kaboni nyingi, kama ekseli au springi ya lori, hujikusanya kandokando ya mshono na kukipasua saa nyingi baadaye, hata siku mbili, kazi ikiwa imeshalipwa na gari liko njiani. Chuma cha aina hiyo kinataka E7018 kavu kweli, kipashwe moto kabla, na kiachwe kipoe polepole. Fundi asiye na namna ya kupata rodi kavu ana haki ya kuikataa kazi, na mteja amheshimu kwa hilo.

Mafundi wengi wamejifunza kwa kukaa na fundi mkubwa, na mikono yao ni mizuri. NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, huwapima kwa mitihani ya madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza, na cheti hicho humsaidia kijana kupata kazi Malindi au Mombasa. Lakini cheti hakikaushi rodi. Kama serikali ya kaunti ya Tana River inataka kuwasaidia mafundi wa Tarasaa, Ngao na Garsen, tanuri moja dogo la kukaushia rodi katika chuo cha ufundi, ambalo fundi wa mtaani anaweza kulitumia kwa ada ndogo, lingefanya zaidi ya semina nyingi. Wenye maduka nao waulizwe swali dogo: pakiti hii imefunguliwa lini?

Na lile tangi lililorudishwa? Vitundu havifunikwi. Chuma kipya kikipita juu yake huyeyusha kilicho chini, gesi iliyolala humo hupanda tena, na mshono wa pili hutoboka kama wa kwanza. Kata kwa grenda hadi kitundu cha mwisho kipotee na chuma kiwe king'avu kote, fuata hata vile virefu vilivyozama, kisha chomelea upya kwa rodi kavu. Upande wa nje upake chokaa iliyokorogwa kwa maji, uiache ikauke iwe nyeupe. Ndani, upande wa pili wa mshono, pitisha kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, ungoje nusu saa. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo maji hayajafika bado, na yakipenya huacha doa la giza kwenye chokaa, palepale penye tundu. Doa likionekana, rudi kwenye grenda. Lisipoonekana, osha tangi kwa sabuni mara mbili, likauke, ndipo lipakwe rangi.